Zafarani Hayupo

Siku Mwikali alipoingia kazini kwa Bi Mahfoudha, huko Kisauni, alipewa leso kuukuu ya kujifunga kiunoni, mbuzi ya kukunia nazi, na jina. Leso aliipokea kwa mikono miwili. Mbuzi aliikalia pale pale akaanza kazi. Jina alilikataa, ila siku ile hakuna aliyejua kwamba limekataliwa, kwa sababu Mwikali alipokataa kitu hakupiga kelele. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kulichosha watu kuliko matusi ya mwingine.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na nane. Mumewe, Mutua, alikuwa akivunja mawe katika machimbo ya Mwakirunge hadi siku jiwe lilipomteleza na kumbana kiuno. Tangu hapo alikuwa mtu wa kulala chali katika chumba chao cha Mtopanga, akihesabu mabati na kulaani. Walikuwa wametoka Ukambani wakiwa wawili na nguvu zao mbili. Sasa nguvu ilibaki moja, nayo ilikuwa ya Mwikali. Kazi ya Bi Mahfoudha ikimponyoka, wote wawili hawana chakula. Hilo alilijua vizuri, wala msomaji asidhani kwamba alifanya aliyoyafanya kwa kutojua.

Bi Mahfoudha alikuwa mke wa Bwana Ghanim, mwenye duka la vitambaa, na nyumba yao ilikuwa ya wenyewe wa tangu na tangu. Bibi mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Ni vizuri lisemwe mapema, kwa sababu watu wakisikia kisa hiki humtafutia pembe na mkia. Alikuwa mnene, mchangamfu, mwepesi wa kulia na mwepesi wa kucheka. Mtu akila chakula kwake, basi hainuki mpaka aongezwe. Lakini alikuwa na mazoea ya nyumbani kwao, na mazoea ya nyumbani mtu hayaoni, kama asivyoona pua yake.

"Waitwa nani?" alimwuliza Mwikali siku ile ya kwanza.

"Mwikali, Bi mkubwa."

"Mwi... hata, hata. Hapa utaitwa Zafarani. Mtumishi wa kwetu huitwa Zafarani tangu enzi za bibi yangu, na jina lenyewe zuri, lanukia. Nikikwita uitike abee. Haya, kuna nazi, mwanangu, mtele ushatiwa maji."

Mwikali akakuna nazi.

Jambo moja Bi Mahfoudha hakulijua, wala asingeweza kulijua kwa kuwa hakuuliza. Mwikali alibeba jina la nyanya yake, mama mzazi wa baba yake, kama desturi yao ilivyo. Kwa sababu ya jina hilo, baba mtu alikuwa hamwiti binti yake kwa jina. Alimwita "mwaitu", yaani mama yangu. Hakuwahi kumwinulia mkono wala kumtuma kuni jua likiwa kali, kwa kuwa mtu hamtumi mama yake juani. Mtoto aliyekua akiitwa mama na baba yake hawezi kuja Kisauni ukubwani akavikwa jina la mtu asiyemjua, kama nguo ya mtumba.

Basi mambo yakaanza. Asubuhi Bi Mahfoudha yuko ukumbini, anaita: "Zafarani!" Kimya. "Zafarani weee!" Kimya. Anainuka kwa kishindo, anakwenda jikoni, anamkuta Mwikali ameinama juu ya kifumbu anakamua tui, na tui lenyewe jeupe pepepe, zito, halina kasoro. Akimwambia kitu uso kwa uso, Mwikali anajibu kwa adabu na kukitenda papo hapo. Akirudi ukumbini akaita, kimya. Wiki ya kwanza Bibi alisema mgeni bado hajazoea. Wiki ya pili akashika tama. Ya tatu akapata jibu.

"Kiziwi," alimwambia binti yake, Samiha. "Masikini wa Mungu, mtoto wa watu kiziwi, na miye namkemea. Si bure yuwanitazama mdomo nikisema naye."

"Mama, mbona akisikia chungu kinafurika hukimbia?"

"Hiyo ni harufu. Viziwi Mungu huwapa pua."

Bi Mahfoudha akishika jambo, ameshika. Mchana ule alipasha mafuta ya habbasoda, akamkalisha Mwikali kwenye kigoda, akamlaza kichwa mapajani mwake kama mtoto, akamtia matone ya vuguvugu sikioni.

"Bi mkubwa, mimi nasikia," Mwikali alisema kutoka pale mapajani.

"Ndivyo wasemavyo wote. Geuza la pili."

Akageuza la pili. Angefanyaje? Mafuta yalimtambaa hadi shingoni, na mkono wa yule mama ulikuwa mwororo, ukimpapasa nywele kwa huruma ya kweli. Hapo Mwikali nusura acheke na nusura alie. Siku tatu alinukia habbasoda hata Mutua akamwuliza kama amehamia duka la dawa. Na Bi Mahfoudha akiita "Zafarani!" jibu lilikuwa lile lile. Akaanza kusema atamwita mwalimu wa chuo aje amwandikie kombe la dua anywe.

Samiha ndiye aliyeipasua siri. Alikuwa msichana wa miaka kama ishirini, amemaliza masomo, ameposwa, anangoja harusi, na hapo katikati hana la kufanya isipokuwa kuchokonoa. Siku hiyo alikwenda akasimama nyuma ya ukuta wa kisima. Mwikali alikuwa akifua upande wa pili, amempa mgongo. Samiha akasema kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya mtu anayeongea na nafsi yake:

"Mwikali."

"Abee," ikatoka mara moja, na nguo ingali mkononi.

Samiha alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaenda kumwambia mama yake, na huko hakukuwa na kicheko.

Bi Mahfoudha alitoka uani amejifunga leso kifuani, uso umemwiva. Mtu aliyemtilia mwenzake mafuta masikioni kwa mkono wake mwenyewe ana haki ya kukasirika, hilo tumpe.

"Kwa hiyo wanisikia!"

"Nilikuambia nasikia, Bi mkubwa."

"Na nikikwita waninyamazia!"

"Hujaniita hata siku moja. Unamwita Zafarani."

"Zafarani ndiye weye!"

"Hapana," Mwikali alisema. Aliinuka, akajipangusa povu. Akilini alimwona Mutua amelala kwenye kitanda cha kamba, lakini mdomo ulikuwa umeshaanza safari. "Mimi ni Mwikali."

Bi Mahfoudha akavuta pumzi, akajaribu kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Sikiza, mwanangu. Silo jina lako, ni jina la kazi. Kama tusemavyo dobi. Kama tusemavyo mpishi. Kabla yako alikuwako mama mmoja Mgiriama, mama yake Kahindi yule wa madafu, naye aliitwa Zafarani. Na kabla yake mwengine. Hakuna aliyekufa."

"Basi niite mpishi."

"Nini?"

"Niite mpishi, Bi mkubwa, nitaitika. Niite dobi, sasa hivi nafua, nitaitika. Niite mtumishi. Hayo ni majina ya kazi, akija mwingine nitamwachia, hayana mwenyewe. Lakini huyu Zafarani alikuwa mtu. Alikuwa mtu au hakuwa?"

"Shuleni tulifundishwa hivyo hivyo," Samiha alidakia kutoka mlangoni, kwani hakuna ugomvi uliompita. "Majina ni namna mbili, Mama. Kuna jina la kila kitu cha aina yake. Ukisema bandari, yaweza kuwa Lamu, yaweza kuwa Kilindini. Ukisema mpishi, ni yeyote anayepika. Na kuna jina la mmoja peke yake. Ukisema Mombasa, ni hii. Ukisema Samiha, ni mimi."

"Na ukisema mtoto mtovu wa adabu, ni weye pia. Na Zafarani je, ewe mwalimu?"

Samiha akafikiri. "Lilikuwa la namna ya pili," alisema polepole, "nyinyi mkalitia katika namna ya kwanza."

Bi Mahfoudha akakaa kwenye ukingo wa kisima. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Zafarani ndiye alonilea," alisema. "Huyo wa kwanza. Mama yangu alikuwa mgonjwa siku zote, simkumbuki ila kitandani. Mgongo nilobebwa ni wa Zafarani. Babu alimtwaa zamani hizo za kutwaana watu, tukimwita hivyo sote, kule Mtongwe. Nikililia maji, Zafarani. Nikiota ndoto mbaya, Zafarani. Alipokufa nilikuwa nishaolewa, nikaenda nikamkosha miye mwenyewe." Machozi yakamtoka, naye akayaacha. "Leo niwe nikimwita mtu jina jengine humu jikoni? Ulimi wenyewe wakataa."

Mwikali alimhurumia. Kwa mara ya kwanza alielewa kwamba kila asubuhi yule mama, alipoinua sauti pale ukumbini, alikuwa akimwita aliyekwisha kwenda. Mtu mwingine angelainika hapo, akaitika abee, mambo yakaisha kwa kukumbatiana. Mwikali hakulainika. Huruma ilimwongezea hasira.

"Na kabla babu yako hajamtwaa," aliuliza, "kwao aliitwa nani?"

Kuku alikuwa akiparua chini ya kamba ya nguo, ndiye pekee aliyeendelea na shughuli zake.

"Sijui," alisema Bi Mahfoudha.

"Amekubeba mgongoni, na hujui."

"Sikumwuliza." Akainuka ghafla, na hasira yake ikainuka naye, kwa kuwa aibu haina rafiki wa karibu kuliko hasira. "Yatosha! Jikoni mwangu hakuongozi mtu ila miye. Kesho ukija, uje kama Zafarani. Hutaki, usije kabisa. Kwa heri."

Mwikali alimalizia nguo zilizobaki, akazianika, akakunja leso ya kazi, akaondoka.

Huko Mtopanga, Mutua alimsikiliza huku amelala chali, na alipomaliza kusikiliza akapiga ukuta kwa ngumi.

"Mwanamke wewe una wazimu! Kuitika kunakutoa damu? Sema abee, lete chakula. Hapa ndani utakuwa Mwikali, huko utakuwa hata Malkia wa Uingereza, mimi yanihusu nini?"

"Nikianguka kisimani mwao kesho nikafa," Mwikali alimwambia, akichochea moto, "atakuja mtu kukupa habari. Atakuambia, Zafarani amekufa. Utajua ni nani? Utamwambia pole, utageukia ukutani, utaendelea kuningoja."

Mutua aliyatazama mabati. Baadaye sana, wakila uji usio na kitu ndani, alisema kama anayeongea na bakuli, "Lakini nenda. Kama hutaki kuitika, usiitike. Lakini nenda."

Kesho yake alikwenda. Hapo ndipo ulipo ukaidi wa Mwikali, ambao watu wengi hawakuuelewa. Alifukuzwa kwa sharti, naye akaja bila sharti. Akaingia kwa mlango wa nyuma, akasema hodi, akajifunga leso, akakalia mbuzi na kukuna nazi. Bi Mahfoudha alitokea akasimama mlangoni. Wakatazamana. Usiku ule Bibi alikuwa ameunguza wali mara mbili, na Bwana Ghanim alikuwa ameula bila kusema neno, jambo ambalo ni baya zaidi ya kusema.

"Zafarani," Bi Mahfoudha alijaribu, bila nguvu.

Mbuzi ikaendelea kusaga: kwaru, kwaru.

"Weye!"

"Abee, Bi mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba," alisema Bi Mahfoudha kwa uchungu, akaondoka.

Basi kwa muda wakaishi kwa "weye". Neno hilo ni la kila mtu, halina mwenyewe, na Mwikali aliliitikia bila kinyongo. Bibi hakulitamka Zafarani, wala hakukubali kulitamka Mwikali. Mtu angepita nje angesikia "Weye! Weye!" kutwa nzima, akadhani mle ndani wanafukuza mbuzi.

Ikaja harusi ya Samiha. Wakati huo kila baraza ilikuwa na siasa yake. Huku wanataka Uhuru kesho, kule wanataka mwambao ukae peke yake, na Bwana Ghanim na wenzake walibishana juu ya jina la nchi na jina la chama hata kahawa ikapoa. Ndani kwa wanawake ubishi ulikuwa juu ya pilau. Jamaa zao walikuja tangu Mtongwe, wamevuka kivuko, wakubwa kwa wadogo, na mbele yao wote Bi Hafswa, dada mkubwa wa Bi Mahfoudha. Huyu alikuwa mama mkavu, mrefu, mwenye macho ya kukagua. Alipoketi, wote waliketi vizuri zaidi.

Masinia yaliletwa. Wageni walikunja mikono ya nguo wakangoja maji ya kunawa, kwa maana hakuna anayetia mkono siniani kabla ya birika kuzunguka, na birika huanzia kwa mkubwa wao. Mwikali alikuwa amesimama mlangoni, birika mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, taulo begani, tayari.

"Zafarani wenu yuwapi?" aliuliza Bi Hafswa, akinyoosha vidole vyake hewani. "Au siku hizi hamna tena?"

Ukumbi ulikuwa umejaa. Bi Mahfoudha aliwatazama wale waliomjua tangu akiwa mtoto wa mgongoni. Angewaambia nini? Kwamba mtumishi wake amemshinda? Kwamba yeye humwita "weye"? Akajikaza, akaita kwa sauti ya mwenye nyumba:

"Zafarani! Leta maji."

Mwikali hakusogea.

"Zafarani!"

Shoga mmoja aligeuka kuangalia mlangoni, kisha wa pili, kisha ukumbi mzima. Pilau ilikuwa ikitoa moshi. Birika lilikuwa zito, na Mwikali akalishika vizuri zaidi. Aliogopa. Aliogopa kama mtu yeyote mwenye mume kitandani. Lakini alijua pia kwamba akipiga hatua moja sasa, mbele ya watu wote hawa, hatairudisha tena maishani.

"Zafarani hayupo, Bi mkubwa," alisema. Hakupaza sauti, na haikuhitajika. "Mwikali yupo, na maji yapo hapa."

"Audhubillahi!" alisema Bi Hafswa. "Yuwajibu! Mahfoudha, mbele ya wageni yuwakujibu! Mfukuze sasa hivi!"

Vidole vyote vilibaki hewani, vikavu. Samiha, aliyekuwa amepambwa chumba cha ndani na kukatazwa kutoa hata pua, alichungulia pazia. Bi Mahfoudha akamtazama mwanamke yule mlangoni, birika mkononi, maji yakichuruzika kidogo kidogo kwenye kifundo.

"Nimfukuze nani, dada?" alisema mwishowe. "Zafarani alikufa. Nimemkosha kwa mikono hii, nawe ulikuwako ukinishikia ndoo. Huyu ni mwengine. Huyu hakunilea miye." Halafu, kama mtu anayetoa mwiba, akaita: "Mwikali."

"Abee."

"Wanawishe wageni, mama."

Mwikali akaingia, akapiga goti mbele ya Bi Hafswa, akainua birika. Bi Hafswa alivirudisha vidole vyake kifuani kwa muda, akijifikiria. Lakini pilau ilikuwa ya mbuzi, na njaa ya kuvuka kivuko si mchezo. Akanawa.

Tangu siku hiyo jina likawa jina. Bi Mahfoudha alipokubali jambo hakulikubali nusu. Alilitangaza kwa muuza samaki, kwa majirani, kwa kuku. "Mwikali" lilisikika toka alfajiri, na kila lilipoitwa liliitikiwa. Mwikali alikaa mle miaka mingine, akajua kupika mchuzi wa papa kuwashinda waliozaliwa nao. Mgongo wa Mutua ulipopata nafuu, akapata ulinzi katika bohari moja Changamwe, wakahamia huko. Mwikali akafungua kibanda cha mahamri na mbaazi, karibu na lango walikopita wafanyakazi wa reli. Siku ya kuagana, Bi Mahfoudha alilia, akamtilia nazi kwenye kikapu hata kikapu kikakatika mkono.

Changamwe watu walimwita Mama Mahamri, naye akaitika kwa moyo mweupe. Mahamri alikuwa akiyauza kweli.

Uhuru ukaja. Watu waliimba hadi sauti zikawakauka, bendera mpya ikapanda, na siku chache baadaye mtu akaleta habari kibandani kwamba Bi Mahfoudha wa Kisauni yu mgonjwa, hatoki kitandani. Mwikali akafunga kibanda. Akakaanga mahamri mengine, akayafunga kwenye kitambaa safi, akapanda basi, akaingia kisiwani, akavuka daraja la Nyali. Njia nzima alifikiria yule mama, jinsi alivyomlaza mapajani na kumtia mafuta masikioni, na macho yakamjaa.

Aliingia kwa mlango wa nyuma, kama zamani. Kabla hajasema hodi akasikia sauti kutoka chumbani, imedhoofika lakini ni ile ile:

"Mwikali!"

Mwikali akajiuliza, amejuaje kuwa nimefika? Akafungua mdomo aitike, na jibu likatoka, lakini halikutoka kwake.

"Abee!" ilisema sauti nyororo jikoni.

Mwikali alisimama palepale. Kisha akasogea, akachungulia. Juu ya ile ile mbuzi ya nazi alikuwa amekaa mwanamke mwembamba, amejifunga ile leso kuukuu, anajipangusa mikono haraka aende anakoitwa.

"Hujambo," alisema Mwikali. "Wewe unaitwa nani?"

"Mwikali," alisema yule mwanamke.

"Si hilo. Kwenu. Uliloletwa nalo hapa mjini."

Mwanamke akatazama mlango wa chumbani, akashusha sauti. "Rispa. Lakini hapa wote huitwa Mwikali. Bibi alisema ni jina la mtu waliyempenda sana. Alilia alipokuwa ananipa. Nikaona ni heshima."

Mwikali akaweka chini furushi la mahamri. Kuna watu ambao wangeona raha, jina lao limebaki kwenye nyumba ya watu kama marashi kwenye sanduku. Yeye masikio yalimwaka moto. Miaka yote ile, birika lile, uji ule mtupu, ili jina la nyanya yake liwe leso ya kila anayekuja kukuna nazi!

"Rispa," alisema, "kaa chini."

"Ananiita, mama."

"Hajakuita. Kaa."

"Atanifukuza!"

"Hata mimi aliwahi kunifukuza. Nikaja kesho yake." Akavuta kigoda, akakaa kando yake, akamshika mkono. "Tulia."

"Mwikali!" ilikuja tena kutoka ndani. Rispa akashtuka, mkono ukabanwa. Hawakuitika.

"Mwikali weee!"

Nazi nusu ilikuwa imelala siniani. Mahala fulani nje watoto walikuwa wakipiga kelele za Uhuru, bado hawajachoka. Halafu chumbani kitanda kikalia, na sauti ya Bi Mahfoudha ikatoka polepole, na ndani yake mlikuwa na kicheko na kikohozi pamoja:

"Kimya hichi nakijua. Humu duniani hakuna mwengine aninyamaziaye hivi. Mwikali, mwanangu, umekuja?"

"Abee, Bi mkubwa."

"Lahaula." Kikohozi kilimshika, kikamwachia. "Na huyo mwenzio, mwambie naye aje, akae hapa karibu nami. Nataka kumwuliza jina lake."